Fagio Zilizosimama Ukutani

Simu ya Sijaona ilikuwa na tabia ya kuzima yenyewe kabla chaji haijaisha, kwa hiyo usiku ule aliichomeka kwenye soketi ya sebuleni, akakaa chini kando yake, mgongo ukutani na miguu ameinyoosha juu ya marumaru. Hakulala. Kila gari lililopita barabara ya Newala alilisikiliza mpaka likapotea, na kila lilipopotea bila kupunguza mwendo aliitazama simu, kana kwamba lile gari lilikuwa limebeba habari zake likakataa kuzishusha.

Mavyaa wake, Bi Rukaiya, mama wa mumewe, alikuwa ameanguka jioni, wakati wa kwenda kutawadha. Alitoka chumbani, akafuata korido kuelekea mlango wa nyuma, akakanyaga mpini wa dekio uliokuwa umelazwa sakafuni. Mpini ukaviringika juu ya marumaru, na mama wa watu akaenda chini. Sijaona alikuwa jikoni. Alichosikia kwanza si kilio. Alisikia mpini ukigonga ukuta, ko, halafu kimya, na kile kimya ndicho kilichomtoa mbio jikoni.

Mumewe, Salmini, alitafuta gari kwa jirani. Shakila, dada yake Salmini, alikuwepo, maana alikuwa amepanda kutoka Chiungutwa kuja kumsalimia mama yake. Yeye ndiye aliyempakata mgonjwa kwenye kiti cha nyuma. Sijaona alipoweka mguu garini naye, Shakila akasema bila kumtazama:

"Baki, wifi. Nyumba haiachwi wazi."

Akabaki.

Simu iliita alfajiri, kabla hajamaliza kutia nia ya sala.

"Nyonga ni nzima," Salmini alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelalia benchi. "Kilichovunjika ni mkono wa kulia, hapa juu ya kiganja. Wameshaufunga plasta."

"Alhamdulillahi. Basi mnarudi? Nichemshe uji?"

Sijaona alisikia nyuma ya Salmini mtu akikohoa, na kitanda cha magurudumu kikisukumwa.

"Baba Shamila?"

"Mama harudi huko. Shakila anamchukua Chiungutwa."

"Mpaka apone?"

"Hajasema mpaka lini." Kisha akashusha sauti. "Anasema mama alitegewa."

Sijaona alibaki na simu sikioni hata baada ya kukatika. Kutegewa. Panya hutegewa. Nguruwe pori hutegewa shambani. Mtu akitegewa, basi kuna mtu aliyetega, na ndani ya nyumba ile mtu mwenyewe angekuwa nani?

Na desturi ilikuwa upande wa Shakila. Kwao hapo kwenye uwanda wa juu mama akizeeka huzeekea kwa binti yake. Kwa mtoto wa kiume huenda kutembea tu, akapikiwa kuku, akarudi. Bi Rukaiya alifiwa na mumewe hata Sijaona hajaolewa, na watu wote walijua atamalizia uzee kwa Shakila. Lakini mwaka mmoja alipanda Kitangari na mkeka wake na birika lake la kutawadhia, akasema baridi ya huku juu inafaa kwa mifupa yake. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Baridi ya Kitangari imfae mtu mifupa! Bi Rukaiya hakubishana nao. Alitandika mkeka wake, na tangu hapo akawa anamgombeza Sijaona kwa chumvi, kwa kuni, kwa namna anavyofunga kanga, na kwa maji anayomwaga kama mtu aliyezaliwa mtoni. Sijaona naye hujibu chini kwa chini, na jioni wakamenya mihogo pamoja. Kumwondoa mle ndani kulihitaji sababu kubwa. Sasa Shakila alikuwa ameipata.

Na sababu yenyewe ilikuwa imelala koridoni, pale pale.

Zamani fagio la nyumba ile lilikuwa fupi, la vijiti, unainama nalo unafagia udongo, ukimaliza unalilaza nyuma ya mlango, halimsumbui mtu. Kisha ukaja msimu mzuri wa korosho, Salmini akaweka marumaru. Binti yao Shamila, ambaye ni msafishaji kwenye nyumba ya wageni huko Masasi, akaanza kuleta vifaa vya mjini: ufagio wa mpini mrefu, dekio la nyuzi, kikamulio cha kusukumia maji, na fagio la buibui lenye mpini unaovutika ukawa mrefu kama fimbo ya kuangulia maembe. Vyote vikalazwa koridoni, kimoja juu ya kingine, kama wageni wa harusi waliokosa mikeka.

Mwisho Shamila alileta kibanio cha ukutani. Kilikuwa kipande cha plastiki nyeupe, kirefu kama mkono, chenye mipira miwili miwili ya kubania mpini. Unausukuma mpini katikati, mipira inaushika, ufagio unaning'inia haugusi sakafu. Shamila aliwaonyesha kwa mwiko.

Bi Rukaiya alikitazama, akasema, "Katika nyumba niliyomo mimi, ufagio hausimami."

"Kwa nini, bibi?"

"Kwa sababu hausimami."

"Bibi naye! Kule kwetu kazini zinasimama zote, na wageni hawajafa."

Sijaona alikumbuka kwamba bibi hakucheka. Alitoka nje akakaa kivulini, akiwapa mgongo, na kibanio kikarudi kwenye mfuko wake, kikatiwa chini ya kitanda.

Sasa, asubuhi ile, Sijaona alisimama koridoni akiutazama ule mrundo. Dekio lilikuwa bado limejipinda pale lilipogonga ukuta. Aliwaza kama anavyowaza mtu aliyeshitakiwa. Shakila atasema nyumba ina mitego. Basi nyumba isiwe na kitu sakafuni. Wakija wazee kusuluhisha, au Salmini akienda kumwombea mama arudi, awe na la kusema: njooni muone, korido ni nyeupe. Kuhusu katazo la bibi, alijiambia kuwa ni ukaidi wa utu uzima tu, na kwamba ukaidi ule ndio uliomvunja mkono. Alipiga magoti, akavuta mfuko kutoka chini ya kitanda.

Fundi Yoeli alikuja na drili yake begani, amevaa kofia ya sufu na huku jua limeshapanda.

"Hodi, Mama Shamila. Pole na mgonjwa."

"Nishapoa. Hapa, karibu na mlango wa nyuma. Kikae imara, fundi. Kisije nacho kikaanguka."

"Nikikufungia mimi, nyumba itaanguka, hiki kibaki." Alikigeuzageuza. "Kumbe fagio nazo siku hizi zina kitanda! Mimi mwenyewe kwangu nalala chini."

"Toboa, Yoeli."

Alitoboa. Vumbi la saruji lilimwagika juu ya marumaru, na Sijaona akaona aibu kwamba hata kulifagia alikuwa na hamu nako. Vifaa vikapanda ukutani kimoja kimoja: tak, tak, mipira ikishika. Kutoka mlango wa chumba cha Bi Rukaiya hadi mlango wa nyuma hapakuwa na kitu cha kukwaa hata kidole. Kwa mara ya kwanza tangu jioni ile alivuta pumzi ikafika chini. Akapiga picha kwa simu, akamtumia Shamila: Bibi yako akirudi hatakanyaga kitu.

Shamila, mtoto wa siku hizi, aliiweka ile picha kwenye stetasi yake, akaipamba kwa vijimoyo.

Salmini alirudi jua linazama. Hakusalimu. Alivua viatu mlangoni, akaingia koridoni na soksi, akasimama mbele ya ukuta.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Niliona mama akirudi..."

"Shakila ameiona kwenye simu. Amemwonyesha mama." Akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. "Mama Shamila, mimi mwenyewe nilikuwa silijui hili, ni mambo yao wanawake wa ukoo. Nimelijua leo kwa makelele ya dada yangu. Kwao, maiti ikishatoka ndani, wanafagia chumba, halafu ufagio unasimamishwa ukutani karibu na mlango aliopitishwa marehemu. Unakaa hivyo mpaka arobaini. Siku nyingine yoyote ufagio hulala."

Misiba ya ukoo ule Sijaona alikwenda yote, lakini wake walioolewa kazi yao ilikuwa nje, kwenye moto na masufuria. Ndani hakuwahi kuingia. Kwao Makote ufagio wa msiba hutupwa porini, basi.

"Amesema nini mama?"

"Hajasema neno. Shakila ndiye anasema. Anasema kwanza ulimtegea, alipopona ukamtangazia msiba." Salmini alikuna kichwa kwa mikono miwili. "Chakula hali. Amegeukia ukutani."

"Nitakwenda kesho."

"Usiende. Subiri wapoe."

"Wakipoa watakuwa wameshaamua."

Sijaona hakuwasha taa ya korido. Alizitoa fagio kwenye mipira moja moja, akazilaza sakafuni zilipokuwa. Alipogeuka, unyayo wake ukagusa mpini, akarudi nyuma kama aliyekanyaga nyoka. Pale pale ndipo mama alipoangukia. Alizinyanyua. Akazishika zote kifuani, hawezi kuzisimamisha, hawezi kuzilaza. Salmini alimkuta hivyo, akazichukua mikononi mwake, akazitoa nje chini ya mti wa korosho.

Asubuhi Yoeli aliitwa tena.

"Mama Shamila, kwani fagio zimelala vibaya?"

"Sitaki zisimame. Wala sitaki ziguse chini. Unaweza?"

Yoeli alitaka kutania, akautazama uso wake, akaacha. Aliuangalia ukuta, akaenda kwake akarudi na vipande viwili vya mbao ya mninga. Alikichomoa kibanio cha plastiki, akavikata vile vipande meno meno, akavifunga ukutani kwa kuachana, usawa wa kiuno. Mpini mmoja ukalala kwenye jino la hapa na jino la kule, mwingine juu yake, na mwingine, umetulia kama mtu kitandani. Dekio likalala juu kabisa, nyuzi zake zikining'inia pembeni.

"Bado shuka tu," Yoeli alisema taratibu.

Sijaona hakucheka, lakini alimshika bega. Kisha alivaa kanga safi, akafunga mihogo mibichi kwenye kikapu, maana huendi kwa mgonjwa mikono mitupu, akasimamisha bodaboda.

Njia ya kushuka kutoka uwandani ilikuwa na vumbi jekundu, mikorosho pande zote, watu wanaokota. Kijana wa pikipiki alitaka mazungumzo. Sijaona alikuwa anapanga maneno. Angesema hili, Shakila angesema lile. Angepiga magoti? Akipiga magoti watasema amekiri. Akisimama watasema ana kiburi. Walipofika Chiungutwa, maneno yote aliyoyapanga yalikuwa yametawanyika njiani.

Nyumba ya Shakila ilikuwa ya matofali ya kuchoma, mlango wa mbao nzito. Ulikuwa umefungwa, na mchana watu hawafungi mlango.

"Hodi!"

Akagonga mbao za mlango.

"Hodi humu ndani!"

"Hodi imesikika," sauti ya Shakila ilitoka dirishani, nyuma ya pazia. "Umekuja kuhesabu waliobaki?"

"Nimekuja kumwona mama, wifi."

"Mama amelala. Kama zile fagio zako zilivyokuwa zamani, kabla hujazisimamisha."

Jirani mmoja aliyekuwa akitwanga aliuacha mchi hewani. Sijaona aliweka kikapu chini. Uso ulimwaka, lakini miguu haikuondoka.

"Wifi, nitukane utakavyo. Mimi desturi yenu sikuijua."

"Umeolewa ukoo huu hata watoto wameota ndevu, hukuijua!"

"Nilikuwa jikoni! Nyinyi mlikuwa ndani, mimi jikoni nawapikia. Nani alinifungulia mlango wa ndani nikaona?"

Pazia halikutikisika. Sijaona alihisi amesema kwa sauti kubwa mno. Akaketi kizingitini, akaegemea mbao za mlango, na alipoegemea alisikia kitu upande wa pili. Mtu alikuwa anapumua karibu, chini, kwa shida.

"Mama?"

"Ee."

Ilikuwa sauti ya Bi Rukaiya, imekauka kama maganda ya karanga. Naye alikuwa ameketi chini nyuma ya mlango.

"Shikamoo, mama."

Marahaba haikuja.

"Mama, fagio nimeziondoa. Yoeli ametengeneza mbao za meno, zinalala ukutani, hazisimami, hazigusi..."

"Sikuulizi habari za mbao."

Shakila alisema kitu ndani. Mama yake akamwambia, "Nyamaza, Shakila." Kisha tena, kupitia mlango:

"Mama Shamila. Mtego nimeukataa tangu hospitali. Mpini ule nimeukanyaga mwenyewe, na mimi ndiye niliyesema ulazwe. Hilo nimemwambia huyu, hasikii, ana hofu. Mimi nataka jambo moja. Jana ulipozisimamisha, moyoni mwako ulikuwa unasema nini?"

Sijaona aliona tu korido ile nyeupe, na mlango wa chumba cha mama ukiwa wazi na mkeka umekunjwa.

"Nilikuwa nasema utarudi," alijibu. "Nilikuwa nasema hutaanguka tena. Na nikasema, akiingia akaona nimetoboa ukuta bila ruhusa yake, atanigombeza mpaka usiku." Akaweka kiganja juu ya mbao. "Nikawa nangoja kugombezwa, mama. Nyumba haina sauti."

Nje, mchi wa jirani ulikuwa bado umesimama hewani.

"Kwa nini hukuniambia?" Sijaona aliuliza polepole. "Ungeniambia tu maana yake, nisingethubutu."

"Nikwambieje? Nikae na mke wa mwanangu, watoto wanacheza, nianze kueleza ufagio wa maiti? Ningekuwa nakiita kifo."

"Mama," Shakila alisema ndani, na sasa sauti yake haikuwa kali, ilikuwa ya mtoto. "Utarudi kwenye marumaru yale? Ukianguka tena, mimi nitapigiwa simu niambiwe nini?"

Sijaona alisikia nguo ikiburuzwa sakafuni, goti likilia, mkono ukishika ukuta. Naye akainuka, akasogea nyuma. Komeo la chuma upande wa ndani liligongagonga mbao, likaacha, likagonga tena. Mlio ulikuwa wa kwenda na kurudi, na hakujua kama komeo linavutwa au linasukumwa lizidi kukaza. Alijikuta ameshika ncha ya kanga kwa meno.

"Niachie," Bi Rukaiya alisema. "Nimesema niachie, Shakila. Mkono wa kushoto nao ni mkono."

Chuma kikakwaruza tena, kirefu, kikakwama. Kikagongwa. Kikaachia.

Mlango ulifunguka kiasi cha upana wa mtu. Bi Rukaiya alikuwa amesimama, mkono wa kulia umefungwa shingoni kwa kitambaa, kanga imepwaya upande mmoja, miguuni amevaa ndara tayari.

"Marahaba," alisema. "Na hiyo kanga nani kakufunga? Usinishike huu mbovu. Nishike huu."